Ila ya Bi Mwamvita

Yanayosimuliwa hapa ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Msimulizi yuko tayari kushika msahafu, kushika Biblia, kushika hata waya wa umeme siku ambayo umeme upo, na kurudia kila neno bila kupepesa jicho. Mwenye shaka aende Kwihara, aulizie kwa Bi Mwamvita, mjane wa Shomari seremala, nyumba ya bati jekundu kando ya njia ya zamani ya misafara. Atapewa chai. Wapagazi watasogea mkekani naye apate pa kukaa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Bi Mwamvita alikuwa ameketi kibaraza cha nyuma, ungo magotini, anachagua mchele. Alikuwa na miaka themanini na moja, na macho yake bado yalijua tofauti ya chenga na kijiwe. Kuku wa jirani yake, Levina, wakaingia uani na kuanza kuparua tuta la mchicha. Bi Mwamvita akaweka ungo chini, akainuka kuwaswaga, akakanyaga pindo la kanga yake mwenyewe, akaenda chini kwa upande wa kushoto. Mguu ukalia kama ukuni mkavu. Kuku wakaendelea na mchicha.

Hakupiga kelele, kwa sababu hapakuwa na wa kumpigia. Levina alikuwa Urambo kwa binti yake aliyejifungua, na kuku alikuwa amewaachia ulimwengu. Barabarani alipita mtu na baiskeli, lakini huyo alikuwa na redio. Bi Mwamvita akalala pale shavu juu ya saruji, akapapasa shingoni, akakipata kidude.

Kidude hicho kilikuwa cheupe, ukubwa wa biskuti, kina kitufe chekundu katikati, na kamba ya kuvaa shingoni. Levina alikiita rozari ya Waislamu. Alikuwa amekileta Abdulatifu, mtoto wa pekee wa Bi Mwamvita, au tuseme alikuwa amekituma kwa basi. Abdulatifu alifanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kontena likitoka Uchina lina matatizo, yeye ndiye aliyejua mlango wa kugonga. Mara ya mwisho kuonekana Kwihara ilikuwa arobaini ya baba yake, miaka sita iliyopita. Tangu hapo alikuwa anakuja mwezi ujao. Pamoja na kidude alituma ujumbe: "Mama, ukiwa na hiki ni sawa na mimi nipo hapo."

Aliyekuja kukifunga ni Kurban, fundi saa wa mjini, ambaye babu yake aliuza saa karibu na soko na baba yake akauza saa palepale. Kurban ndiye aliyekuwa wakala wa hiyo kampuni ya vidude kwa Tabora nzima. Alifika na pikipiki yake, akavua kofia ya chuma, akaamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Kurban. Nieleze taratibu, sikio moja limestaafu."

Kurban akaeleza. Kuna kidude cha shingoni, na kuna kisanduku cha ukutani chenye sauti. Mtu akipata tatizo anabonyeza, kisanduku kinaongea na Dar es Salaam, na Dar es Salaam inapiga simu Tabora, msaada unakuja.

"Kwa hiyo nikianguka hapa," alisema Bi Mwamvita, "habari iende Dar ndipo irudi Kwihara."

"Ndiyo mama. Kwa sekunde."

"Na hiki kidude kinaweza kumleta Abdulatifu?"

Kurban alikuwa anakaza skrubu ya kisanduku. Akaikaza zaidi kuliko ilivyohitaji. "Kinampa taarifa, mama."

"Mimi taarifa sitaki. Nataka aje anikute nimekaa. Wenzangu wote watoto wao waliwakuta wamelazwa. Nataka yeye anikute nimekaa kitako, aniulize habari, nimjibu. Basi."

Kurban akasema inshallah, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Sasa Jumatano hiyo Bi Mwamvita akabonyeza. Ndani, ukutani, kisanduku kikaamka. Sauti ilikuwa ya binti mwenye adabu, maneno yake yamenyooshwa kama shuka ya hotelini.

"Shikamoo mteja wetu mpendwa. Habari za saa hizi?"

"Marahaba mwanangu," alijibu Bi Mwamvita kutoka sakafuni. "Nzuri. Ila..."

"Tunashukuru kusikia uko salama. Uwe na siku njema."

Taa ya kisanduku ikatoka nyekundu ikawa ya kijani. Bi Mwamvita akadhani laini imekatika, akabonyeza tena. Binti akaamkia tena. "Nzuri, alhamdulillah," alisema Bi Mwamvita. "Ila..." Binti akashukuru tena kusikia yuko salama. Mara ya tatu akajitahidi kwenda haraka. "Marahaba nzuri sijui nyie huko ila..." Binti akamtakia siku njema.

Ikumbukwe kwamba binti huyo hakuwa mtu. Ilikuwa mashine, na kosa halikuwa lake. Mwenye kampuni alikuwa amelelewa vizuri na bibi yake. Alikataa katakata wazee kuulizwa "tatizo nini" kabla ya kuamkiwa. Mashine ikafundishwa kuamkia, kuuliza habari, na kusikiliza. Ikisikia "nzuri", "njema", "salama" au "sijambo", ifunge simu, maana wengi hubonyeza kwa bahati mbaya wakigeuka kitandani. Kilichosahauliwa ni kwamba hakuna mtu aliyelelewa ambaye akiulizwa habari atajibu kitu kingine. Mtu kafiwa na mume jana, ukimuuliza habari atasema nzuri, ila mwenzangu jana ndiyo tumemzika baba watoto. Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila. Mashine haikuwahi kufika huko.

Mara ya tatu ile taa ya kijani haikuzimika. Ulipita muda wa chai kuchemka. Kisha Bi Mwamvita akasikia njuga.

Zilitoka upande wa mashariki, kwenye njia ambayo siku hizi hupita baiskeli na matrekta ya tumbaku. Wakatokea watu kumi na mmoja, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele alikuwa kirangozi, yule anayetangulia msafara, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, njuga miguuni, mkuki mkononi. Waliomfuata walikuwa na mizigo mabegani: jora za kitambaa cha merikani, koili za waya wa shaba, shanga, na wawili wa mwisho pembe za ndovu. Walikuwa wamekufa yapata miaka mia na hamsini, na hilo lilionekana zaidi kwenye vumbi, ambalo halikutimka walipopita.

Wakaingia uani, wakatua mizigo kando ya mchicha, wakapiga magoti na kupiga makofi kwa heshima. Kuku wakatoka.

Kirangozi na Bi Mwamvita wakatazamana kidogo, kila mmoja akipiga hesabu ya nani amwamkie nani. Kwa sura kijana huyo hakuzidi miaka thelathini. Bi Mwamvita akaona kwamba miaka ya kuwa marehemu nayo ni miaka.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alisema kirangozi. "Mimi Mihayo. Habari za hapa?"

"Nzuri," alisema Bi Mwamvita. "Ila..."

Wote kumi na mmoja wakanyamaza wakasubiri. Mmoja alitaka kukohoa, akakimeza kikohozi. Tangu Shomari afariki, hakuna aliyewahi kumsubiri Bi Mwamvita hapo, na ikamchukua muda kukumbuka kinachofuata.

"Ila nimeanguka, na mguu nadhani umevunjika."

"Tunaona," alisema Mihayo.

Wakakunjua mkeka wa milala, wakaufunga kwenye mti wa kubebea, wakamlaza. Wanne wakamchukua na wengine wakafuata na mizigo, kwa sababu mpagazi haachi mzigo wake kwa mtu asiyemjua, na hapa hawakumjua mtu. Mwendo wao ulikuwa laini. Bi Mwamvita amepanda magari mengi maishani, na husema kwamba hakuna hata moja lenye springi za namna ile.

Njiani Mihayo akamweleza. Yeye aliangukia nyika ya Mgunda Mkali, safari ya pili kwenda pwani, tumbo la kuhara. Msafara wake ukamwacha kivulini na kibuyu cha maji. Misafara mitatu ikapita.

"Wa kwanza wakaniuliza, hujambo? Nikasema sijambo. Wakamshukuru Mungu, wakapita. Wa pili vilevile. Wa tatu nilikwishajifunza, nikasema sijambo, ila. Lakini wao waliposikia sijambo walikwisha kugeuza shingo."

"Na hawa wenzako?"

"Kila mmoja na mahali pake. Huyu kule Tura, huyu karibu na Ugogo. Huyu mrefu alikufa akiwa anaona moshi wa kwao." Mihayo akahamisha mkuki begani. "Sasa mtu akikatiwa hapo kwenye ila, sisi tunasikia. Zamani walikuwa wachache. Siku hizi hatupumziki."

Hospitalini mjini muuguzi wa zamu, Benedikta, alikuwa na daftari na kalamu isiyoandika.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Mikono kumi na mmoja ikanyooshwa.

"Abaki mmoja. Wengine benchi la nje, na hiyo mizigo isizibe mlango, kuna watu wanapita na machela."

Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo. Wakamfunga plasta na kumlaza siku mbili. Ijumaa wakamrudisha Kwihara kwa mkeka uleule. Hawakuondoka. Mihayo alisema desturi ni kutomwacha mtu wa mguu mbovu, na akalisema neno "desturi" kwa namna ambayo Bi Mwamvita hakuuliza zaidi.

Mtendaji wa kijiji, Marko, akaja Jumatatu na rejista ya wageni. Mgeni akilala zaidi ya siku tatu lazima aandikwe. Akawaandika wote. Penye kazi akaandika mpagazi. Penye anakotoka akaandika njiani. Penye anakokwenda, pwani.

"Na hapa mna nini?" aliuliza, akionesha mizigo.

"Mitumba," alisema Mihayo, kwa maana enzi zao mzigo wa mpagazi ndio uliitwa mtumba.

"Mitumba ina leseni yake," alisema Marko. "Na soko lake ni Jumamosi." Kisha akaziona pembe. Akakuna shingo kwa kalamu. "Hizo mzifunike turubai. Mimi sijaziona, nimeona turubai."

Levina aliporudi kutoka Urambo alisimama uani mikono kiunoni, akatazama watu kumi na mmoja na jora za merikani.

"Bi Mwamvita."

"Abee."

"Nani kakanyaga mchicha wangu?"

"Mchicha wangu, Levina. Na waliouparua ni kuku wako."

"Kuku hawana nyayo kubwa hivi," alisema Levina, na jioni hiyohiyo alikuwa amewatuma wawili kisimani na ndoo zake.

Juma la pili Kurban akaja kukagua kidude. Alikuwa na simu yenye taarifa ya kampuni, ile ambayo Abdulatifu naye huipata kila mwezi. Akaisoma kwa sauti. "Mteja Mwamvita. Kitufe kimebonyezwa mara tatu. Majibu: nzuri, nzuri, nzuri. Hali: salama. Salama sana." Akaitazama plasta. Akavuta kigoda akakaa.

"Mama, inabidi tufanye mazoezi. Mimi ni mashine. Shikamoo mteja wetu mpendwa, habari za saa hizi?"

"Marahaba. Nzuri."

"Mama."

"Nini tena?"

"Usiseme nzuri. Anza na matatizo. Sema nimeanguka."

"Kurban, mtu kaniuliza habari, mimi nimrukie na mguu? Hata hajakaa?"

"Hakai mama, ni mashine."

"Basi hata hiyo mashine ina mama yake."

Wakarudia mara saba. Mara ya tano Bi Mwamvita alifaulu kukaa kimya badala ya kusema nzuri, lakini akaomba radhi, na ndani ya radhi akasema wao wazima. Wapagazi, waliokuwa wamejipanga ukutani kutazama, wakacheka mpaka njuga zikalia. Kurban akawageukia. "Na nyinyi ndio mngejibuje?" Wakaacha kucheka.

"Basi nitampigia mimi Abdulatifu," alisema Kurban. "Nitamwambia mama yako amevunjika mguu."

"Thubutu. Ukimwambia nimevunjika, akija atakuja kwa ajili ya mguu. Nataka aje kwa ajili yangu."

Kurban aliliwaza hilo hadi chai ikapoa.

Jumapili Abdulatifu alipiga mwenyewe, kama ilivyokuwa kawaida yake, kati ya mkutano mmoja na mwingine.

"Mama shikamoo. Habari za huko?"

"Marahaba baba. Nzuri. Ila..."

"Alhamdulillah. Nimeona taarifa, wamesema salama sana. Nilikuwa na wasiwasi bure. Mwezi ujao mama, inshallah." Na nyuma yake mtu akaita kontena kwa namba, na simu ikawa imekatika.

Bi Mwamvita akabaki ameishika. Mdomo wake ulikuwa bado umekaa mkao wa lile neno. Mihayo, aliyekuwa anasuka kamba kwenye kivuli cha ukuta, akaweka kamba chini.

"Huyu yuko pwani?"

"Yuko pwani."

"Sisi hupeleka mizigo pwani," alisema Mihayo.

Ndivyo walivyofanya. Siku ya pili baada ya sala ya alasiri wakatandaza kanga mpya katikati ya uwanja, Bi Mwamvita akawekwa kigodani mbele yake, akaambiwa aseme yanayokuja baada ya ila, yote, asibane. Akaanza polepole. Alisema bati limetoboka juu ya kitanda alichokuwa akilala Abdulatifu, na kila masika anaweka beseni, na beseni likijaa anamwaga na kulirudisha, kitanda kisiloe. Alisema Shomari aliacha rafu ya vitabu imerandwa upande mmoja tu, na yeye huifuta vumbi pande zote mbili. Alisema ameanza kuisahau sauti ya Shomari, na sauti ya Abdulatifu inafanana nayo, ndiyo maana hamkatizi kwenye simu hata akiongea mambo ya forodha. Alisema kila Idi hupika pilau ya watu wawili, na sahani ya pili humfunikia Abdulatifu. Alisema siku ile sakafuni hakuogopa kufa, aliogopa kukutwa amelala.

Aliongea mpaka jua likashika miche ya tumbaku ng'ambo ya njia. Kila alichosema kilitua kwenye kanga na kukaa. Levina, aliyekuja kuazima chumvi, akasimama kando akasikiliza hadi mwisho, akasahau chumvi. Wapagazi wakakunja kanga, wakaizungushia merikani, wakafunga kwa kamba mpya, wakaazima mizani ya mchele ya Marko. Uzito ulikuwa frasila mbili na ushee, zaidi ya kilo thelathini.

"Pembe ni nyepesi kuliko huu," alisema mmoja wa wale wa pembe, bila kulalamika.

Juu yake Kurban akaandika kwa wino wa kudumu: Abdulatifu Shomari, Dar es Salaam, toka Kwihara. Mihayo akaubeba mwenyewe begani. Watano wakaenda naye na watano wakabaki kuchota maji. Wakashika njia kuelekea jua linakotoka, njuga zikisikika mpaka zikawa kitu ambacho mtu anadhani anasikia.

Safari ilichukua siku themanini na nne. Plasta ilikwishafunguliwa, na Bi Mwamvita alikuwa anatembea na fimbo aliyochongewa na mpagazi mrefu kwa mbao za Shomari. Abdulatifu akapiga simu siku ya kazi, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Mama shikamoo. Kuna mzigo umeletwa, umeandikwa Kwihara. Waliouleta walikataa kuingia ndani ya lifti. Ni mchele?"

"Marahaba baba. Si mchele."

"Ni mzito sana mama. Walinzi wawili wameshindwa kuupandisha. Nimeuweka stoo ya chini, nikipata nafasi nitaufungua. Habari lakini?"

Bi Mwamvita alitazama uwanja. Wapagazi watano walikuwa wamesimamisha ndoo, wanasubiri.

"Nzuri," alisema. "Ila..."

"Alhamdulillah," alisema Abdulatifu.

Lakini usiku huo hakulala. Ijumaa iliyofuata treni ya kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora, na akashuka Abdulatifu amevaa suti, na begani kwake, si kwa mchukuzi, alikuwa na ule mzigo umefunguliwa na kufungwa upya. Bodaboda wakamkimbilia, akawakataa. Akatembea kwa miguu hadi Kwihara, jasho likimtiririka, na penye kona ya mwisho akasimama akalia kidogo kwa leso. Bi Mwamvita alikuwa amekaa kitako kibarazani. Abdulatifu akatua mzigo, akapiga magoti. "Habari za njiani, mwanangu?" "Nzuri mama," akasema Abdulatifu, "ila..." Na mama yake akamsubiri.

Hapo msimulizi alisimamishwa.

Alikuwa anayasoma haya kwa sauti kwenye kibaraza kilekile, Alhamisi moja saa kumi, ili mwenye habari ayasikie kabla ya watu wengine. Bi Mwamvita alikuwa kigodani. Levina alikuwepo, na Kurban, na wapagazi wote kumi na mmoja, maana Mihayo na wenzake walikuwa wamerudi. Bi Mwamvita akainua fimbo.

"Rudia hapo pa treni."

Msimulizi akarudia. Safari hii suti haikusikika vizuri.

"Umeongopa," alisema Bi Mwamvita.

"Wapi, Bi Mwamvita? Kwa wapagazi?"

"Wapagazi umewasema sawasawa. Mihayo hakusema tunaona, alisema tumeshaona, lakini hilo nimekusamehe. Abdulatifu hajaja. Mzigo uko stoo, kamba haijaguswa. Mihayo kapita tena kabla ya kugeuza, kaukuta palepale. Wamepanga maboksi juu yake."

Mihayo akaitikia kwa kichwa.

Msimulizi akajitetea kwamba alitaka habari iishe kwa utamu.

"Utamu wangu au wako?"

Msimulizi akaufunika ukurasa wa daftari kwa kiganja.

"Mimi nilijua," alisema Levina. "Suti, Kwihara, na vumbi hili. Halafu kulia kwa leso. Abdulatifu nimemwona akilia tangu mdogo, anafuta na mkono."

Kurban ndiye aliyepanga faini: kila mstari wa uongo, kilo moja ya mchele, super, siyo chenga. Akatoa ile lenzi yake ya kutazamia saa, akaibana jichoni, akahesabu mistari ya kwenye daftari. Msimulizi alisema tisa. Kurban akasema kumi, kuna mmoja nusu. Wakashindania huo nusu kwa muda, hadi Bi Mwamvita akaamua kwamba aliyesema uongo nusu mstari hakuacha kwa kutaka, aliishiwa karatasi. Ikawa kumi.

Msimulizi akalipa Jumamosi. Kilo kumi zilikuja kwa baiskeli kutoka mjini, na kwa magoti yake mabovu alisukuma zaidi ya alivyoendesha. Hakuna aliyemsaidia. Bi Mwamvita akachagua mchele wote kwa ungo, akatoa vijiwe vitatu na kumwonesha kimoja baada ya kingine. Levina akatoa kuku wawili, wale wa mchicha. Wakapika sufuria mbili kubwa uani. Watu wakakaa mkekani, walio hai na wasio hai, wakanawa kutoka birika moja, wakala. Wapagazi walikula kama watu ambao safari yao ya mwisho walishindia maji ya kibuyu. Msimulizi alipewa ukoko, na aliupenda.

Kabla ya yeyote kupakuliwa, Bi Mwamvita alikuwa amepakua sahani moja akaweka paja la kuku juu, akaifunika kwa kawa, akaiweka kando yake upande wa kulia. Chakula kikaisha, sufuria zikakwanguliwa, mpagazi mrefu akazunguka na birika tena. Sahani ile hakuna aliyeigusa wala kuiuliza.

Msimulizi akatoa daftari, akafuta ile mistari kumi, kisha akabaki na kalamu mkononi. Akauliza hapo palipobaki wazi aandike nini.

"Andika unachokiona," alisema Bi Mwamvita.

Akaandika: sahani moja, imefunikwa, saa kumi na moja kasorobo.